Sura ya Sita: Kifuniko Kwanza, Swichi Baadaye

Anayesimama mtaani Upper Hill, Nairobi, akainua macho kulitazama jengo la Britam Tower, shingo humuuma kabla jengo halijaisha. Lina mita 200 kutoka chini hadi ncha ya mlingoti wake. Jirani yake, UAP Old Mutual Tower, lina mita 163. Kanuni za Kenya za ndege zisizo na rubani, zilizochapishwa mwaka 2020, zinaweka kikomo cha futi 400 juu ya ardhi, yaani kama mita 122. Kwa hiyo droni inayorushwa kutoka barabarani kwa idhini ya kawaida haiwezi kufika kwenye paa la jengo lolote kati ya hayo mawili. Itapiga picha kuanzia miguuni hadi kifuani, basi.

Urefu ni mwanzo tu. Uwanja wa Ndege wa Wilson uko kilomita chache kutoka hapo, na kanuni hizo hizo zinaitaka droni ikae mbali na viwanja vya ndege, kilomita 7 au 10 kutegemea daraja la uwanja, ila kama mwenye droni amepewa ruhusa. Mtaa mzima wa Upper Hill umo ndani ya duara hilo. Ikulu, eneo jingine nyeti, haiko mbali. Makao makuu ya jeshi, Ulinzi House, yako upande wa Hurlingham. Kisha kuna sharti la kukaa angalau mita 50 kutoka kwa watu na majengo yasiyohusika na kazi yenyewe, katika mtaa ambao saa saba mchana barabara hujaa wafanyakazi wa benki, wagonjwa wanaoelekea Hospitali Kuu ya Kenyatta na wauza chakula. Wala masharti haya si woga wa bure. Tarehe 5 Machi 2024, ndege ya abiria ya Safarilink na ndege ndogo ya mafunzo, zote za Wilson, ziligongana juu ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi. Ile ya abiria ilirudi salama; wawili waliokuwa kwenye ile ndogo walikufa.

Mpiga picha aliyepewa kazi na kampuni ya ujenzi hufika paani, basi, akiwa amekwisha kupita mlolongo wa makaratasi ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Kichwani ana mengi. Mteja anaangalia saa. Mlinzi anataka kuiona barua tena. Nondo zilizo ndani ya zege chini ya miguu yake zinaweza kuichanganya dira ya droni, minara ya simu iliyosimikwa juu ya paa inaweza kuvuruga mawimbi ya rimoti, na vioo vya jengo la pili huakisi mawimbi ya setilaiti hadi droni ikakosea kujua ilipo. Upepo unaotulia barabarani hauna simile ghorofa ya 30.

Katikati ya hayo yote kuna hatua moja isiyodai elimu, leseni wala nguvu: kuvua kifuniko cha plastiki kilichoifunika kamera kabla ya kuiwasha droni. Ndiyo inayosahaulika.

*

Kamera ya droni ndogo haikufungwa kwa skrubu moja kwa moja kwenye kiwiliwili. Imening'inizwa. Juu kabisa kuna vipande laini vya raba vya kumeza mtikisiko wa propela. Chini yake kuna vikono vitatu vya chuma chepesi vilivyounganishwa kimoja na kingine, na kila kimoja kina mota yake. Mota moja huinamisha na kuinua kamera, ya pili huilaza ubavu huu au ule, ya tatu huigeuza uso kushoto na kulia. Mpangilio huo wote ndio gimbali. Vihisi vidogo hupima mwendo wa kamera mara nyingi sana katika kila sekunde, na mota husukuma upande wa pili kwa kiasi kile kile. Upepo ukiilaza droni, kamera haitingishiki, kama ndoo ya maji kichwani mwa mama anayepanda mlima: kiwiliwili kinayumba, maji hayamwagiki.

Wazo lenyewe ni la kale. Filo wa Bizanti, mhandisi wa Kigiriki wa karne ya 3 kabla ya Kristo, anatajwa kuwa alieleza chombo cha wino kilichoning'inizwa katika pete ndani ya pete, hata kikigeuzwa vipi wino usimwagike. Baadaye pete hizo zikaibeba dira ya meli, ili sindano ilale sawa hata chombo kikipigwa na mawimbi. Katika droni za watu wa kawaida, zimeingia juzi tu. Phantom ya kwanza ya kampuni ya DJI kutoka Shenzhen, Uchina, iliyotoka Januari 2013, iliuzwa bila kamera. Mnunuzi alijifungia GoPro yake na picha zikatetemeka. Aprili 2014 ikaja Phantom 2 Vision+ yenye kamera na gimbali ya mota tatu zilizofungwa kiwandani. Mavic Pro ya Septemba 2016 ilijikunja ikaingia kwenye mkoba. Oktoba 2019, Mavic Mini ilikuwa na uzito wa gramu 249, pungufu ya robo kilo.

Kadiri droni ilivyopungua ndivyo gimbali ilivyozidi kuwa nyembamba. Mota zake hazina giya za kuzuia mzunguko, hivyo umeme ukikatwa hulegea kabisa. Kidole kimoja kinatosha kuigeuza kamera huku na huku. Ndani ya vile vikono hupita kebo bapa, nyembamba kama utepe, inayobeba umeme na picha. Sasa droni hiyo itiwe kwenye begi, begi lipakiwe nyuma ya bodaboda kutoka Kibera hadi Upper Hill, na kila tuta la barabara lirushe kamera ikagonge kiwiliwili. Safari chache za namna hiyo zinatosha kukipinda kikono au kuchana kebo. Kazi ya kifuniko ni kuishika kamera isicheze. Kinaibana mahali pamoja, na kinazuia vumbi na mchanga visiingie kwenye mota.

Kumbe ubora huo wa kifuniko ndio unaoleta taabu swichi ikiwashwa.

Droni nyingi za DJI huwashwa kwa kubonyeza kitufe mara moja, kuachia, kisha kubonyeza tena na kushikilia. Taa zinawaka, droni inatoa mlio, feni ya ndani inaanza kuvuma. Hapo kamera huamka. Inainua uso, inainama, inageuka kushoto, inageuka kulia, inajilaza kidogo, kisha inatulia ikitazama mbele. Ni sekunde chache tu, na kwa anayeitazama mara ya kwanza ni kama mchezo. Lakini ni ukaguzi: gimbali inatafuta mipaka yake, inajua katikati ni wapi, inahakikisha kila mota inatii.

Kifuniko kikiwa bado juu, mota husukuma na plastiki haikubali. Kihisi kinaripoti kwamba kamera haijafika ilikotumwa. Saketi inaongeza umeme. Mota isiyozunguka huugeuza umeme huo kuwa joto, na anayesogeza sikio husikia mtetemo mdogo wa chombo kinachopigana na kizuizi. Ndipo simu iliyochomekwa kwenye rimoti inapoonya kwamba mota ya gimbali imezidiwa, au kwamba gimbali imekwama.

Mara nyingi mambo huishia hapo. Programu inakata nguvu ya mota, mwenyewe anazima, anavua kifuniko, anawasha upya, na kamera inacheza ngoma yake kama kawaida. Hatari iko kwa anayerudia kosa hilo kila wiki, au anayeiacha droni imewaka na kifuniko chake huku akiongea na mteja, au anayekurupuka kukivuta kifuniko wakati mota bado zinasukuma. Huyu wa mwisho ndiye anayejitafutia hasara zaidi, maana mkono wake unapambana na mota na kinachoumia ni kikono chembamba kilicho katikati. Zima kwanza, vua baadaye, washa tena: huo ndio mpangilio, hata kama mteja anahema.

*

Kwa nini mtu mzima, aliyesomea urubani wa droni na kufaulu mtihani, asahau kitu kilicho mbele ya macho yake? Jibu moja limo kwenye plastiki yenyewe. Katika Mavic Mini na Mini 2, kifuniko ni angavu kama kioo. Kamera inaonekana ndani yake, lenzi inang'aa, na jicho linaripoti kwamba kila kitu kiko sawa.

Jicho limewahi kudanganya kwa gharama kubwa zaidi. Usiku wa tarehe 2 Oktoba 1996, ndege aina ya Boeing 757 ya shirika la Aeroperú iliondoka Lima, mji mkuu wa Peru. Ilikuwa imeoshwa na kung'arishwa, na waliofanya kazi hiyo walikuwa wameziba kwa utepe wa gundi vile vitundu vya ubavuni vinavyopima shinikizo la hewa, ili maji yasiingie. Utepe haukubanduliwa. Rangi yake ilifanana na bati la ndege, na ukaguzi wa usiku haukuuona. Angani, vipimo vya kasi na vya kimo vikaanza kusema uongo, kila kimoja na wake, juu ya bahari yenye giza ambako marubani hawakuwa na kitu kingine cha kutazama. Watu wote 70 walikufa.

Miezi minane kabla ya hapo, Februari 6 mwaka huo huo, ndege nyingine ya aina ile ile, ya shirika la Birgenair, ilianguka baharini karibu na Puerto Plata katika Jamhuri ya Dominika ikiwa na watu 189. Hiyo ilikuwa na kisa cha kinyume. Ilikaa uwanjani kwa wiki kadhaa, mirija ya kupimia kasi ikaachwa kwa muda bila vifuniko, na wachunguzi waliona kwamba huenda nyigu walijenga kiota cha udongo ndani ya mrija mmoja. Kwa hiyo kuviacha vifuniko sandukuni ni kuwakaribisha nyigu, na kuvisahau kwenye ndege ni kurusha ndege isiyojua kasi yake.

Brisbane, Australia, wanawajua nyigu wa tabia hiyo vizuri, na ndege zinazotua hapo huvishwa vifuniko hata kwa kituo cha saa chache. Usiku wa Julai 18, 2018, Airbus A330 ya Malaysia Airlines iliruka kwenda Kuala Lumpur vifuniko vyote vitatu vikiwa bado vimo kwenye mirija yake. Vilikuwa na tepe ndefu za kuning'inia, zilizotengenezwa makusudi ili mtu asivikose. Marubani waligundua wakiwa tayari kwenye barabara ya kurukia kwamba kasi haisomeki ipasavyo, wakapaa hivyo hivyo, wakazunguka, wakatua salama. Shirika la uchunguzi la Australia lilikuta kwamba kazi ya kuvitoa iliangukia katikati ya watu wa makampuni tofauti, kila mmoja akiwa na dhana kuhusu mwenzake.

Mzizi wa ukaguzi wa leo uko nyuma zaidi, Oktoba 30, 1935, katika uwanja wa Wright Field, jimbo la Ohio, Marekani. Boeing ilileta ndege yake mpya ya injini nne, Model 299, ionyeshwe kwa jeshi. Ndege ilipoegeshwa, mabawa ya mkiani yalifungwa kwa komeo ili upepo usiyapigepige. Rubani, Meja Ployer Hill, aliruka komeo likiwa bado limefungwa. Ndege ikainua pua, ikapanda, ikakosa nguvu, ikaanguka na kuwaka moto. Hill alikufa, na rubani wa majaribio wa Boeing, Leslie Tower, akafariki baadaye kwa majeraha. Hill hakuwa mgeni wa kazi. Alikuwa mkuu wa urushaji wa majaribio uwanjani hapo. Jeshi halikuwaambia marubani wake wawe makini zaidi. Badala yake iliandikwa karatasi fupi ya ukaguzi: kupaa, angani, kabla ya kutua, baada ya kutua. Aina hiyo ya ndege ikaja kuwa B-17.

*

Wazo la karatasi hiyo lilifika Afrika Mashariki kwa njia ya hospitali pia. Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya ukaguzi wa upasuaji katika hospitali nane duniani. Moja ilikuwa Ifakara, Tanzania. Nyingine zilikuwa katika miji kama London, Toronto na Manila. Orodha ilikuwa na mambo 19 yaliyogawanywa katika vituo vitatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Mengi yalikuwa madogo kiasi cha kuchekesha. Mgonjwa ni nani? Anapasuliwa wapi? Matokeo yalichapishwa Januari 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Upper Hill wenyewe ulikumbushwa uzito wa swali hilo la kwanza. Machi 2018 ilijulikana kwamba katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, madaktari walimfungua fuvu mgonjwa ambaye hakuhitaji upasuaji. Aliyekuwa na damu iliyoganda kichwani alikuwa mwingine. Utambulisho wa wawili hao ulikuwa umechanganywa. Kenya nzima ilishtuka, na mjadala ukahamia haraka kwenye nani afukuzwe. Kilichofeli hasa ni hatua ya kuhakikisha mgonjwa ni nani.

Gimbali iliyoungua haiwezi kupimwa kwenye mizani moja na fuvu la mtu. Kinachofanana ni mahali ambapo kosa hujificha. Jambo gumu humfanya mtu asimame na kufikiri: rubani wa droni paani Upper Hill hasahau upepo, kwa sababu upepo unamtisha. Kifuniko hakimtishi yeyote. Mkono wenyewe umekivua mara nyingi hata akili imeacha kuhesabu, na siku mlinzi anapouliza swali katikati ya kufungua begi, akili inarudi hatua moja mbele ya pale ilipoishia, ikiamini kwamba mkono ulishamaliza.

Watengenezaji wameliona hilo. Mavic 3, iliyotoka Novemba 2021, ilikuja na kifuniko chenye mkanda unaozunguka droni nzima na kuzibana propela pamoja na kamera. Mikono haikunjuki bila kuufungua mkanda, kwa hiyo anayetaka kuruka hana budi kuifunua kamera kwanza. Hapo wabunifu wameitoa kazi kichwani wakaitia kwenye mkanda. Lakini wamefungua mlango mwingine. DJI Flip ya Januari 2025 hujiwasha yenyewe mikono yake inapokunjuliwa. Kwa aliyezoea kukunjua mikono kwanza, kuangalia propela, kisha kukumbuka kifuniko, mpangilio wa zamani haufai tena. Swichi imehamia kwenye bawaba, na kifuniko lazima kitangulie yote.

Zipo pia droni zisizo na taabu hii hata kidogo. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walioshiriki mradi wa kuchora ramani ya visiwa kwa picha za angani, ulioanza 2016, walirusha eBee, ndege ya povu yenye mabawa ambayo kamera yake imetumbukizwa tumboni ikitazama chini. Hutikiswa mara tatu mkononi ili mota ianze, kisha hurushwa. Haina gimbali, maana kazi yake ni kupiga maelfu ya picha zinazopandana ili kompyuta izishone kuwa ramani. Wapimaji wa ardhi huishi vizuri nayo. Anayeuza nyumba za Upper Hill anataka video inayoteleza, na kuteleza huko hununuliwa kwa vile vikono vitatu.

*

Wazoefu wa kazi hii wana mbinu zao. Wapo wanaofunga utepe mwekundu kwenye kifuniko angavu, kama ule wa ndege kubwa, ingawa Brisbane ilishaonyesha kwamba utepe peke yake hautoshi. Wapo wanaotumia mfuko mmoja kwa betri na kifuniko: betri haitoki mpaka kifuniko kiingie. Katika makundi ya watu wawili, mmoja husoma kwa sauti na wa pili hugusa: kifuniko, kadi ya kumbukumbu, propela, betri, rimoti. Rimoti huwashwa kabla ya droni, na droni huwekwa mahali pa sawasawa, juu ya begi gumu au kibao, mbali na kokoto za paani zinazoweza kuikwaza kamera ikizunguka.

Kazi ikiisha, mpangilio hugeuka. Droni huzimwa kwanza, mota zilegee, ndipo kifuniko kirudi. Anayekisukuma kifuniko kamera ikiwa bado imeshikwa na umeme anafanya kosa lile lile kwa upande wa pili, na safari hii hakuna ukaguzi wa kuwasha utakaomwonya. Kifuniko kikikataa kuingia, shida si nguvu; ni kwamba kamera imegeukia pembeni, na hurudishwa katikati kwa kidole kabla ya kujaribu tena.

Fundi anayeletewa droni yenye gimbali inayolalamika huenda kwa hatua. Huangalia kama kuna plastiki iliyosahauliwa, pamoja na ile karatasi laini ya kiwandani ambayo wanunuzi wapya huiacha. Kisha hupuliza chembe za mchanga kwenye maungio. Kisha, umeme ukiwa umezimwa, huigeuza kamera pole pole pande zote akisikiliza mahali inapokwaruza. Kama hakuna kitu, huiweka droni mezani penye usawa na kuiagiza, kupitia programu ya simu, ijipime upya. Ikifeli hapo, ndipo bisibisi hutolewa na kebo ile bapa hukaguliwa kama imechanika, na bei ya matengenezo huanza kuhesabiwa.